Pauni Kumi Ndani ya Mto

Msimbazi, Jumanne

Bado nina hasira. Kaka ameficha noti ya pauni kumi ndani ya barua kutoka London, eti nimpe baharia aniletee sindano za cherehani. Sheria inataka pesa ya kigeni ipelekwe benki, nipewe shilingi. Na kwa shilingi, Kariakoo nzima sindano hakuna.

Mume wangu ni karani wa Benki Kuu. Kutwa anakagua fomu za wanaoomba pesa za kigeni. Nilimwonyesha noti, hakuigusa.

"Mama Asha, mimi sijaona kitu."

Basi nimeishonea ndani ya mto wake, yeye akiwa palepale anakunywa chai.

Sasa anajigeuza kitandani, huku, kule. Mtu ambaye hajaona kitu, mbona halali?