Zizi la Plastiki na Kakao ya Kilungu

Mume wangu Mutua, mpenzi wa moyo wangu,

Neno hilo, mume, bado nalitamka taratibu, kama mtu aliyepewa asali kidogo na hataki iishe. Leo ni Krismasi yetu ya kwanza tangu tufunge ndoa. Wewe uko Lodwar ukivuta nyaya za stima kwenye joto lile, nami niko huku Kilungu kwa wazazi wako, nimevaa sweta lako la kijani juu ya langu. Niliyo nayo moyoni hayatoshi kwenye ujumbe wa simu. Naandika barua, tena ya wazi. Atakayeisoma aisome, sioni haya kumpenda mume wangu.

Unakumbuka Disemba iliyopita? Nilipanda huku kutoka Makindu kuja kufundisha watoto wa shule ya Jumapili wakati wa likizo. Kwetu mvua ikikatika tu, jua linachoma. Sikujua kwamba Disemba inaweza kuwa na baridi. Hapa ukungu ulishuka mpaka mlangoni mwa kanisa, ukakaa. Wewe ulikuwa juu ya ngazi ukitengeneza taa. Ulinitazama, ukasema, "Mwalimu, ukitetemeka hivyo watoto watadhani unawafundisha ngoma." Nilikasirika. Kwa dakika mbili hivi.

Halafu ukashuka, ukaingia jiko la akina mama, ukarudi na kikombe cha kakao. Mutua, kakao ile ilikuwa na madonge! Maziwa uliyaunguza. Lakini ulisimama pale ukinitazama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, nami nikanywa yote, na madonge yake. Nikakuuliza umejifunzia wapi kupika. Ukasema, "Hapa hapa, sasa hivi."

Kazi yangu ilikuwa kujenga zizi la Bethlehemu pamoja na watoto. Vifaa vyetu vilikuwa gunia moja la matofali ya plastiki ya kuchezea, yale yanayoshikana, ambayo akina mama wa kanisa waliyapata kwenye soko la mitumba la mji wa Salama. Ndani ya gunia hamkuwa na mtu wa plastiki hata mmoja. Mtu ilibidi ajengwe. Watoto walipoenda kula, sisi tulibaki mezani tukibishana. Mariamu wako alikuwa mrefu kuliko zizi. Ngamia wako nikasema ni mbuzi. "Ni ngamia wa Kilungu," ukanijibu, "amezoea milima." Na zizi lenyewe ukaliinua juu ya miguu minne kama ghala la mama yako, eti mchwa wasimfikie Mtoto. Nilicheka mpaka nikashika meza. Ndipo nilipojua. Sikukuambia hadi Machi, lakini nilijua siku ile, mkono wangu ukiwa umejaa vipande vyekundu.

Uliponiaga mwezi uliopita ulinishika mabega ukasema, "Ukilemewa huku bila mimi, rudi kwa mama yako Makindu mpaka nije." Nikacheka, lakini neno lile lilinikaa. Maana mwaka huu tulijenga zizi kubwa zaidi, watoto na mimi, tukiwa hapa nyumbani, ili lisimame mbele ya kanisa siku ya Krismasi. Baba yako, mkuu wa wazee wa kanisa, akalitazama mara moja na kusema ni sanamu. Halitoki nyumbani.

Nifanye nini? Wengine wameiacha nthoni, ile heshima ya wakwe, lakini baba yako anaishika. Mke wa mwana hazungumzi na baba mkwe ana kwa ana, wala hampi mkono. Sasa unamteteaje ngamia mbele ya mtu usiyeweza kumtazama? Nikikaa kimya, watoto watakuja Krismasi wakute meza tupu. Nikisema, mimi ndiye bibi arusi mgeni aliyeanza kwa kumpinga mzee. Siku ile, nakiri, niliwaza Makindu.

Mama yako ndiye aliyeniokoa. Juzi kulikuwa na manyunyu. Nilikuwa jikoni naye nikikoroga kakao (bila madonge, mpenzi), baba yuko nje barazani na kikombe chake cha kwanza, dirisha likiwa wazi kati yetu.

"Mama Mutua," akasema huko nje, "mwambie mke wa Mutua kwamba hapa hatusujudii plastiki."

Mama akanigeukia kana kwamba nilikuwa Lodwar nawe. "Anasema hatusujudii plastiki."

"Mwambie baba hata mimi sisujudii. Jumatatu watoto watalibomoa wajenge trekta."

"Anasema ni trekta."

"Trekta gani tena?"

"Ai, nyinyi! Mnanifanya redio. Semeni polepole!"

Nikavuta pumzi. "Mwambie baba, sanamu mtu huogopa kuigusa. Hili zizi watoto wote wanalishika. Likianguka wanacheka, wanalijenga tena, na kila wakilijenga wanasimulia habari ya Bethlehemu tangu mwanzo, bila kusoma popote."

Nikamsikia akinywa kakao kwa ile sauti yake unayoijua. Kisha, "Muulize mbona ngamia anafanana na mbuzi."

"Mwambie ni mwanawe aliyenifundisha."

Mama hakuweza kufikisha ujumbe huo. Alishika ukuta akicheka. Na baba yako akasema tu, "Kakao imebaki?"

Sikujua maana yake. Leo asubuhi mama alitangulia kanisani kupika. Nilipotoka na Biblia yangu, nikamkuta baba uani, amebeba ubao wenye zizi lote, amelifunika kwa koti lake zuri, na kichwa chake mwenyewe kinanyeshewa. Akaanza kushuka kuelekea kanisani. Nikamfuata nyuma, mbali kidogo, kama inavyotakiwa. Pale kwenye mteremko wa kijito akasimama, na bila kugeuka akauambia ukungu:

"Mama Mutua, mwambie hapa pana utelezi."

Mutua, mama hakuwepo. Tulikuwa sisi wawili tu. Nikajibu, "Mama Mutua, mwambie baba nimesikia." Akaendelea mbele, hatua fupifupi, akinichagulia mawe ya kukanyaga.

Zizi lilisimama mbele ya kanisa. Waliouliza walijibiwa na baba mwenyewe: "Litabomolewa Jumatatu." Watoto walisukumana kulionyesha. Nilitamani uwe kando yangu kiasi kwamba nilijishika mkono mwenyewe.

Kwa hiyo usigombane na wakubwa wako kazini kwa sababu ya kukunyima likizo. Njoo siku yako ikifika, nami nitakukimbilia mpaka barabarani watu wakitazama. Makindu nitaenda kusalimia tu. Nimekaa vizuri, nakupenda kupita kiasi, na niko kwetu.

Lala salama huko mbali.

Wako wewe peke yako,
Mkeo