Nimeikana Hesabu Yangu Mwenyewe

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, maana tangu Jumatatu siketi nikatulia, nasimama, nazunguka meza, nafungua kompyuta, naifunga. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu katika fizikia na msimamizi wangu ni mzee niliyemzoea kama baba, miaka thelathini amefundisha kwamba chembe ndogo kabisa, kama elektroni, huongozwa na wimbi, na kwamba wimbi lile ni kitu halisi kama meza hii, sasa mimi katika kuhangaika na milinganyo nikajikuta nimeliondoa wimbi lote, nikabaki na njia nyingi ambazo chembe ingeweza kupita, zinasukumana zenyewe kwa zenyewe, na majibu yakatoka yaleyale, hadi tarakimu ya mwisho. Nikaogopa. Nikazificha karatasi kabatini, lakini ukurasa mmoja niliusahau kwenye printa, akauokota yeye, akausoma amesimama, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, wimbi umelipeleka wapi?" Nami nikajibu, "Nimekosea, mzee, nitalirudisha." Uongo mtupu, nimekagua mara sita. Ijumaa anataka sura hiyo ya tasnifu iliyosahihishwa. Mume wangu, fundi majokofu, anasema, "Kama majibu ni yaleyale, mnagombania nini?" Nifanye nini?

Asiyetulia

Asiyetulia, pole, ila sikubembelezi. Huenda unajiambia ulimstahi mzee. Uliogopa tu, heshima haidanganyi. Isome tena barua yako: hakukufokea, alikuuliza swali. Mtu mzima akiuliza wimbi liko wapi, anataka kujibiwa. Wewe ukamnyima.

Pia jipunguzie makuu. Hujabomoa kazi ya mtu. Umeonyesha kwamba hesabu inakwenda bila wimbi, basi, na kama majibu ni yaleyale, hakuna kipimo cha maabara kitakachowaamua. Mwambie mumeo mnachogombania ni kipi kilichopo kweli huko chini, na ugomvi huo hauendeshwi kwa kujificha kabatini.

Usisubiri Ijumaa. Kesho asubuhi mpelekee kurasa zote, umwambie, "Mzee, nilikudanganya. Sikukosea, au kama nimekosea, sijaona wapi." Kisha keti, asome, hata akichukua saa nzima. Akiona kosa, umelijua mapema. Asipoliona, huenda akaumia. Muache aumie, wala usilirudishe wimbi kwa kumhurumia. Ukiandika usichokiamini ili kumfurahisha mtu, utazeeka ukikifundisha.