Mifano Yangu, Jina Langu

Kisangani, 11 Mei 2024

Tonton Osée, ami yangu,

Nakusalimu, na mkeo mama Sophie pia, pamoja na lile goti lake. Limepoa kidogo? Mimi ni mzima, ila usingizi ndio haba.

Uliuliza kazi yangu ya mwisho wa masomo ni nini hasa, maana kwenye simu mtandao unakatika na unabaki na hasira. Bon. Kuna programu ya bure inayoigiza kompyuta nyingi ndani ya moja. Ninaiambia mashine yangu hii chakavu ijifanye kompyuta mia, zitumiane ujumbe, zigawane kazi. Mgeni akitaka kujifunza programu hiyo, anafungua kwanza mifano, yaani programu fupi za kumwonyesha njia. Mifano niliyoikuta iliandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Mashine kuu inagawa kazi, nyingine zinatii. Kuu ikizimika, zote zinangoja mpaka mwisho wa dunia. Mimi nimeandika mifano ambamo mashine zinazimika ovyo kama hapa kwetu, na zilizobaki zinachagua kiongozi mwingine na kuendelea. Inatembea bila kukwama, tonton! Wenye programu wameisoma na wanataka kuiweka pamoja na mingine.

Tatizo ni Profesa Edouard, anayesimamia kazi yangu. Anataka mifano iende kwa jina lake peke yake. Aliniambia, "Weye ungali mutoto. Nani atasoma mufano ya mutoto?" Hajaandika hata mstari mmoja. Nimekataa.

Mtoto wako,
Gracia

Isangi, 2 Juni 2024

Mtoto wangu Gracia,

Tunapumua, Mungu asifiwe. Goti la mama Sophie linamsumbua asubuhi, mchana linasahau. Unakula? Mama Berthe aliyeleta barua yako anasema umekonda.

Habari ya mashine nimeelewa nusu. Habari ya profesa nimeelewa yote. Tangu kaka yangu afariki, mimi ndiye mzazi wako, na mzazi haachi mtoto agombane na mkubwa. Donc, basi, usishtuke: juzi juzi nilipanda boti nikafika Kisangani bila kukuambia. Nilimpelekea profesa jogoo na samaki wakavu, nikasimama mbele yake nikaomba radhi kwa jina la familia, kama inavyotakiwa kwetu. Alinipokea vizuri sana. Nikamwahidi kwamba utaweka jina lake. Mambo yameisha. Utatetea kazi yako mbele ya walimu Julai, na jamaa wote tutakuja tumevaa kitambaa kimoja.

Tonton yako,
Osée

Kisangani, 6 Juni 2024

Tonton,

Nakusalimu kwa heshima, na natumaini uko na nguvu, kwa sababu utazihitaji kusoma haya.

Uliomba radhi ya kosa gani? Nitajie, nilijue! Ni mimi niliyekuwa naibiwa, na wewe ukampelekea mwizi jogoo. Nimelia kwa hasira mpaka Falonne, ninayekaa naye chumba kimoja, akazima redio.

Najua ulifanya kwa upendo. Najua pia kwamba kwetu neno la mzazi halirudishwi nyuma. Hili nalirudisha. Jana nimetuma mifano yote kwa wenye programu, kwa jina langu na la marehemu baba. Wameipokea. Profesa aliposikia, akaniita leo ofisini: "Kama iko vile, hautatetea hii mwaka." Nikamjibu, "Asante, Profesa, nitarudia."

Msinunue kile kitambaa. Na kama umeamua kuniacha, niambie wazi. Nitafundisha kompyuta watoto wa kule mtaa wa Kapalata, nipate chakula.

Bado mtoto wako, ukitaka,
Gracia

Kisangani, 21 Julai 2024

Tonton,

Salamu. Mnaendeleaje na afya? Mama Berthe anarudi kila safari bila neno lako. Wenzangu wametetea wiki hii, nimewapigia makofi. Siombi msamaha. Nataka tu kujua kama mko wazima.

Gracia

Isangi, 18 Agosti 2024

Gracia,

Tuko hai. Mama Sophie amenuna kwa ajili yako, ananipikia majani ya sombe bila chumvi.

Nilikasirika, sitakuficha. Ulivunja neno langu mbele ya mtu mgeni. Nilikaa nangoja uombe msamaha, na barua yako ikaja bila msamaha. Sasa Jumapili iliyopita jamaa walikutana hapa nyumbani. Shangazi yako Augustine akauliza mbele ya wote, "Ile mutoto ya Kisangani alishindwa, ni kweli?" Wote wakanitazama. Nilikuwa nimeandaa jibu la kukutupa, nikashangaa mdomo unasema lingine: "Hapana kushindwa. Alikatala kuibiwa. Ni miye nilipiga magoti pahali ya kugomba."

Augustine alikasirika akaenda bila kuaga. Aende.

Jana nimemwandikia profesa. Nimemwambia radhi niliyoomba naiondoa, kwa kuwa hapakuwa na kosa, na kwamba mwakani utatetea, mbele yake au mbele ya mwingine, na mimi nitakaa kiti cha mbele kabisa. Akitaka kuuliza mimi ni nani, aulize.

Kula vizuri.

Baba yako,
Osée