Gobori Lako Nimelipeleka Bomani

Bugwema, wakati wa kupalilia pamba

Baba,

Shikamoo. Na marahaba najiitikia mwenyewe, maana hukupenda salamu ikae bila kujibiwa. Hata nilipokukuta umekasirika, uliitikia kwanza, ndipo ukaanza kugomba.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya nyumbani kwako Mugeta, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Wazee wa kwetu wanazidi kuja huko uliko, na midomo yao unaijua. Atafika mmoja akuambie, "Nyangeta wako alivunja mwiko." Ni kweli, nimeuvunja. Nimelishika gobori lako kwa mikono yangu, nikalitoa ndani, nikalipeleka bomani Musoma. Ni mimi, si mdogo wangu Magesa. Mama hakujua mpaka nilipokuwa nimeshapita Butiama.

Usikasirike kwanza. Nisikilize, halafu ugombe.

Siku ile uliondoka kabla haijaisha, kwa hiyo yapo mengi usiyoyajua. Jana yake ulikuwa Bunda, barazani. Bwana Shauri, yule mkubwa wa wilaya, alikuja na mkalimani wake akasema serikali inataka magobori yote ya upande wetu yarudishwe. Mimi sikuwapo, nilikuwa huku kwa mume wangu, lakini maneno yako nimesimuliwa na watu wengi hata naona kama nilikaa mbele yako. Ulisimama ukasema, "Bunduki yangu haijawahigi kuiba ng'ombe wa mtu. Mwizi yeye haendagi bomani kuandikisha ya kwake. Mkituondolea zetu, Bwana, za kwake nani atamwondolea?" Watu wakapiga makofi. Bwana Shauri akajibu kwamba magobori yameongezeka, wanaozikwa wameongezeka, na wezi hawajapungua. Kwamba mtu akilewa na kugombana na ndugu yake hulitoa lile lile alilolinunua kwa ajili ya wezi. Ukasimama tena. Na tena. Mama anasema ulitoka nyumbani na sauti, ukarudi na mnong'ono. Alikuchemshia maji ya tangawizi ukakataa, ukamwambia kwa ishara ya mkono kwamba umeshinda.

Kesho yake mchana mvua ikinyesha, ng'ombe wa Mafuru wakachukuliwa malishoni. Mafuru jirani yako, rika lako, mliotahiriwa siku moja na kutaniana mpaka mvi. Yowe likapigwa. Wewe ukaliacha gobori ukutani, maana gobori na mvua havipatani, ukachukua rungu, ukajifunika gunia kichwani, ukakata njia ya mkato kwenda kivukoni.

Yaliyofuata wazee waliyasoma kwenye matope. Wezi walisikia yowe liko karibu, wakawaacha ng'ombe, wakavuka mto mikono mitupu. Nyayo zao zinaingia majini. Zako zinaonekana nyuma ya ng'ombe, zinaelekea nyumbani. Ulikuwa unawarudisha ng'ombe wa Mafuru, Baba. Uliwapata wote.

Na sheria ya kwetu mtoto anaijua kabla hajajua kuhesabu: anayerudisha ng'ombe walioibwa hatembei kimya. Anapaza sauti njia nzima, anataja jina lake na la baba yake, ili wanaokuja mbio wajue huyu ni mtu wa nyumbani. Wewe ndiye uliyetufundisha. Tulikuwa tukitoa mbuzi tu kisimani, hapo hapo karibu, nawe unatutaka tupige kelele. "Mimi Magesa wa Wambura!" "Mimi Nyangeta wa Wambura!" Ukisikia tumenyamaza, unatoka mlangoni na kuuliza, "Nani hao wanaoiba mbuzi wangu?" Tulikuwa tunacheka mpaka tunakaa chini.

Najua ulijitaja siku ile. Najua. Ulijitaja kwa ile sauti iliyobaki, na mvua ikaimeza. Sauti yenyewe uliiacha Bunda ukiitetea bunduki. Hilo ndilo linaloninyima usingizi mpaka leo, na sina wa kumwambia ila wewe.

Mafuru alitokea upande wa pili akaona ng'ombe wake, na nyuma yao mtu kajifunika gunia, kimya. Akainua gobori. Unakumbuka ulivyokuwa ukimcheka: "Gobori la Mafuru linaogopa mvua kuliko paka." Kweli, likilowa lilikuwa halilii. Basi alikuwa amechoka kuchekwa, akashona kifuniko cha ngozi ya mbuzi cha kukinga mahali pa fataki, apate kukunyamazisha siku moja. Siku ile likalia.

Alikufunua gunia mwenyewe. Alikubeba mwenyewe mgongoni mpaka nyumbani, na wale ng'ombe wakamfuata nyuma bila mtu wa kuwachunga, kwa sababu ni wake, wanamjua. Nilipofika Mugeta nilimkuta amekaa nje ya boma letu, kwenye tope, hakuna anayethubutu kumwambia ingia wala kumwambia ondoka. Aliniambia neno moja tu: "Nilikuwaga naogopa mwizi. Sasa naogopa mikono yangu."

Nakwambia wazi, Baba, simpendi Mafuru. Alinibeba nikiwa mdogo, alinichongea mwiko wangu wa kwanza wa ugali, na siwezi kumtazama usoni. Lakini sikutaka afe.

Maana hapo ndipo tulipofika. Wazee walikaa, wakapatanisha, Mafuru akaleta ng'ombe wa kufuta machozi. Magesa akawafukuza zizini kwa fimbo. Kisha akakataa kunyoa. Watu wote wa nyumba walinyoa, hata watoto, naye akaketi na nywele zake kichwani akisema atanyoa kazi ikiisha. Hakuna aliyeuliza kazi gani. Siku ya kumaliza matanga ndiyo mrithi anakabidhiwa silaha za baba yake, na siku hiyo ilikuwa inakuja.

Katikati ya hayo Bwana Shauri akarudi. Safari hii alikuja mpaka Mugeta. Akasema, mmeona wenyewe, sasa magobori yarudi kabla mtama haujavunwa. Ungecheka, Baba, ungekuwapo. Kila aliyesimama alisimama na jina lako. Mmoja anasema, Wambura ameuawa na gobori, magobori yaondoke. Mwingine anasema, Wambura mwenyewe alisema siku moja tu kabla ya kufa kwamba yasiondoke, nani ataacha neno la marehemu? Wakakuvuta huku na huku kama ngozi ya kutandika. Mwisho mkalimani akauliza wenye msiba wanasemaje. Magesa akasimama akasema, "La baba linabaki. Lina kazi." Akakaa. Baraza zima likamtazama Mafuru, naye Mafuru akatazama chini.

Nilizungumza na Magesa jioni ile. Nilimsihi. Nilimwambia baba hakufa kwa chuki, asilipiziwe kwa chuki. Mdogo wangu akanijibu, "Dada, wewe umeolewa Bugwema. Mambo ya zizi hili siyo yako tena."

Maneno hayo yaliniuma, yakanikaa. Nikayageuza upande huu na upande huu, unavyojua nilivyo. Wewe ulikuwa ukisema Nyangeta akipewa neno halimezi mpaka alitafune. Nikaona: mwiko wa mwanamke kugusa silaha ya mwanamume ni mwiko wa nyumba. Ukiwa mtu wa nyumba ile unakufunga. Sasa kama mimi si wa zizi hili tena, umenifunga wapi? Magesa ndiye aliyenifungua, kwa mdomo wake.

Basi asubuhi Mama alipokwenda kisimani na Magesa malishoni, nikaingia. Lilikuwa pale pale, juu ya kitanda chako. Lina harufu ya mafuta na tumbaku yako. Nililishusha, nikakaa kitandani kwako nikiwa nimelipakata. Halafu nikaona nikiendelea kukaa nitashindwa. Nikalifunga katikati ya mzigo wa kuni, nikajitwika.

Hakuna mwanamke anayepeleka kuni Butiama kutoka Mugeta, hilo sikulifikiri. Mama mmoja njiani aliniuliza kama Butiama miti imekwisha. Nikamwambia shangazi yangu anachagua kuni kuliko anavyochagua mchumba. Akacheka, nami nikacheka, na lile bomba la chuma limenikandamiza utosini.

Shangazi, dada yako, alifungua mzigo mwenyewe akitafuta sababu ya wazimu wangu. Alipoliona akaufunga mlango. Nikadhani atanifukuza. Akaleta maji, akaninawisha mikono mpaka viwikoni kama anavyomnawisha mtoto, kisha akalishika yeye mwenyewe, akalizungushia mkeka. Akasema, "Sasa tumeuvunja wawili. Mwenye kulaani atalaani wawili." Kesho yake akanipandisha lori la pamba la kwenda Musoma, akamwambia dereva huo mkeka usikaliwe.

Bomani kulikuwa na mstari wa wanaume, kila mmoja na gobori lake begani, wanataniana kwa unyonge, wakiulizana leo usiku wake zao watalindwa na nini. Niliposimama nyuma yao wakaacha kutaniana. Nilipofikiwa na zamu, karani akauliza bila kuinua macho, "La nani?" Nikasema. Hakusikia, kwa kelele za wale waliokuwa wakirusha vyuma chini. Akauliza tena. Baba, nilivuta pumzi nikapaza sauti kama nimetoka kisimani na mbuzi. "La Wambura! Wambura wa Mugeta! Na mimi ni Nyangeta wa Wambura!" Uwanja wote ukageuka kunitazama. Kumbe walikuwa wanajua hadithi yako mpaka Musoma. Mazishini nililia kidogo tu, kwa ajili ya Mama. Pale nililia yote. Karani alisimama akalipokea kwa mikono miwili, hakulirusha kama mengine, akaliweka.

Sikulipeleka kwa sababu Bwana Shauri amenishinda hoja. Usije ukadhani hivyo. Maneno yako ya Bunda mpaka leo sijapata mtu wa kuyajibu. Nililipeleka kwa sababu lilikuwa limebaki na kazi moja tu, na kazi yenyewe niliijua.

Magesa alikuja Bugwema. Aliingia uani asubuhi, hakusalimu. Mume wangu akampa kigoda. Nikamwekea ugali na furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani uliokuwa ukinituma nikuletee kila nikija. Alikula bila kuniangalia. Akashinda ameketi hapo, akalala hapo. Kulipokucha aliniita "Dada" kwa sauti ndogo sana, nikajua amechoka kubeba. Akaomba wembe. Nilimpelekea, na mume wangu akamnyoa pale pale uani, nami nikaziokota zile nywele zote nisiache hata moja.

Sasa nikupe habari mbaya, maana ulikuwa hupendi mtu akufiche. Wezi wamekuja tena. Magobori yamekwenda, wao wamekuja, kama ulivyosema. Safari hii ni zizi lako. Watu walikimbia na mishale na marungu, wakapigana kivukoni, na wengi wa ng'ombe hawakurudi. Yule mwekundu wa Mama, wa maziwa, hakurudi. Mugeta wanasema, Wambura angekuwapo na gobori lake wangethubutu? Wengine wanasema, mbona safari hii hatukuchimba kaburi. Wanagombana mpaka leo, na wote wanasema kweli. Najua tu kwamba ng'ombe walikwenda na Magesa akarudi.

Na Mama amenisimulia alivyorudi. Anasema alikuwa jikoni. Akasikia sauti inakuja kutoka mtoni, ya mtu mzima, inapasuka, hainyamazi. Alikuwa Mafuru. Tangu ulipoondoka, kila ng'ombe wakifuatwa yeye huenda bila hata fimbo, na wakirudishwa hutangulia mbele akipiga kelele njia nzima. Hakuna aliyemtuma. Siku ile alikuwa mbele, Magesa nyuma na ng'ombe wachache waliobaki, naye anapaza, "Msipige! Mimi Mafuru! Nyuma yangu ni Magesa wa Wambura! Wa Wambura! Wambura wa Mugeta!"

Mama anasema aliposikia jina lako linakuja namna ile, aliinuka akakuwekea maji ya kunawa. Alikuwa ameshayamimina ndipo akakumbuka.

Hakuyamwaga. Magesa alipoingia akayanawa.

Nakuacha upumzike, Baba. Nilipovunja mwiko nisamehe, na usiponisamehe, mkumbuke na shangazi, tupo wawili. Ahadi yangu ni hii: wanangu hawatarudisha hata mbuzi mmoja wakiwa kimya. Nimeshaanza kuwafundisha. Jioni wakitoka kisimani nawasikia kutoka mbali, wanataja majina yao, la baba yao, kisha lako, nami natoka mlangoni na kuuliza ni nani hao wanaoiba mbuzi wangu.

Ni mimi,
Nyangeta wa Wambura