Aliyebaki Nje ya Grupu

Jumapili, 4 Mei 2025

Mlio ule bado uko sikioni. Ti. Kama punje moja ya mahindi iliyodondoka kwenye debe tupu. Simu yangu naiweka bubu tangu Baba alipofariki mwaka jana — sipendi kushtuliwa — na bado ililia, juu ya kabati, nimetoka misa ya kwanza, hata viatu sijavua.

Nimeingizwa kwenye grupu. Jina: MSIBA WA MZEE RUPERT. Picha ya mshumaa. Ndani imo jumuiya yetu nzima ya hapa Bombambili, majirani, ndugu zake wa Madaba. Namba iliyofungua grupu siijui.

Mzee Rupert ni fundi baiskeli, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Sikuwaza mara mbili. Mtu akifiwa unatoa pole kwanza, maswali baadaye. Nikaandika: Poleni sana wanafamilia, Bwana awatie nguvu. Nilikuwa wa kwanza. Wengine wakafuata, pole juu ya pole. Nikamwambia Mama. Akajifunga kanga ya pili, akatia unga kwenye ndoo ndogo, akatoka anafuta machozi.

Alianza kulia kwa sauti alipofika uani kwao, kama inavyotakiwa. Mlango ukafunguka. Akatoka Mzee Rupert mwenyewe na kipande cha muhogo mkononi.

"Mama Cornel, nani amekufa?"

Mama akakaa chini palepale. Nyuma yake wanawake wengine wanakuja na kuni kichwani. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akasema unga ukishaingia kwake hautoki, wapike, leo marehemu atakula msiba wake mwenyewe. Wakapika kweli. Mimi sikwenda. Aibu.

Jumatano, 7 Mei

Mzee Rupert amefariki. Jana mchana.

Alikuwa amepindua baiskeli ya mteja, magurudumu juu, anazungusha pedali asikilize mnyororo. Daudi, mwanawe, anasema alishangaa gurudumu linazunguka muda mrefu bila mtu kulishika. Alipotoka, baba yake amelala ubavu na gurudumu bado linakwenda.

Hakuna aliyefungua grupu jipya. Lilikuwapo. Ratiba, michango, zamu za kupika, vyote vimeingia humohumo, chini ya pole zetu za Jumapili. Ukilisoma kuanzia juu hadi chini huoni kosa. Huoni kwamba katikati kulikuwa na mtu mzima anakula muhogo.

Nilipoingia jikoni msibani wanawake walinyamaza. Mmoja akasema, hakunitazama, kwamba kuna watu wana haraka na pole zao. Mama akamjibu: "Na wewe zile kuni zilikuja zenyewe?"

Jumamosi, 10 Mei

Tumeshazika. Daudi amezima simu ya baba yake, ametoa betri, ameifungia kwenye sanduku pamoja na suti ya marehemu. Hataki mtu aje aipige halafu iite.

Nilisoma takwimu chuo kikuu. Tukio moja halithibitishi kitu. Hivi ndivyo ningemwambia mwanafunzi. Lakini mwanafunzi angeniuliza: na namba ile, mwalimu, ni ya nani? Nimeipiga kila siku. Haipatikani.

Alhamisi, 15 Mei

Ti.

Safari hii ilikuwa ofisi ya walimu, saa ya chai, na simu zote zilizokuwa mezani zililia pamoja. Isipokuwa ya Jane.

MSIBA WA MWALIMU JANE. Mshumaa uleule.

Jane anafundisha Kiingereza. Ni rafiki yangu pekee pale shuleni — wote wawili tunajitolea tukingoja ajira ambazo haziji. Alininyang'anya simu, akasoma, akacheka. Alicheka kwa kweli, si kujikaza.

"Mbona hakuna hata mmoja aliyetoa pole?"

Nikamwambia safari hii hakuna atakayetoa.

"Yaani mnanizika kimyakimya? Yasinta, hata wewe?"

Madam Kunegunda, karani wa shule, aliweka kikombe chini. Akasema huu ni upuuzi, watu wazima na vyeti vyenu mnachezea kifo kama watoto, yeye hakai humo hata dakika. Akabonyeza. Kwenye simu zetu sote ikaonekana: Madam Kunegunda ametoka. "Nimelefti," akasema, "na nyie mwende darasani."

Ndipo nikatazama nani alifungua grupu. Safari hii sikuhitaji kuuliza. Namba iko kwenye simu yangu miaka yote, nimeiandika "Mzee Rupert Baiskeli".

Baada ya vipindi nilikwenda kwa Daudi. Alilifungua sanduku mbele yangu. Simu ipo, imekufa. Betri iko pembeni, imefungwa kwenye leso. Aliponisindikiza tu akasema, dada Yasinta, usirudi tena kwa jambo hili.

Ijumaa, 16 Mei

Nimelala kwa Jane. Nimemwambia ni kwa sababu ya kusahihisha mitihani. Anajua si kweli. Amepika wali, amekula vizuri. Mimi nimehesabu pumzi zake kama mjinga.

Jumamosi, 17 Mei

Jane ni mzima. Aliyekufa ni Madam Kunegunda.

Tulikuwa tunakunywa chai. Simu ya Jane ikalia — ule mlio, na mimi nikamwagikiwa. Ameingizwa kwenye grupu. Jina limebadilika wakati tunaangalia: MSIBA WA MADAM KUNEGUNDA. Ndipo mwalimu mkuu akapiga. Madam alikuwa anaanika nguo kwake. Jirani alimwona ameketi chini ya kamba, kibanio bado mdomoni, akadhani anapumzika.

Jane hakulia. Alisema: "Grupu lilikuwa na jina langu."

Nililielewa palepale, na sikutaka kulielewa. Wafiwa wote wanaingizwa ndani. Anayeachwa nje ndiye anayekufa. Kunegunda alikuwa ndani, akatoka kwa hasira zake. Nafasi ya nje ikawa na mtu. Jane akaruhusiwa kuingia.

Jumatano, 21 Mei

Jane amekuja nyumbani. Hajaja shuleni tangu mazishi. Alimsalimia Mama, "Shikamoo mama," na kabla Mama hajamaliza kuitikia akaanza kueleza yote, mwanzo hadi mwisho. Nilimkonyeza anyamaze. Hakunyamaza.

Mama alikuwa anachambua mboga, likolo, kwenye ungo. Majani mabaya huku, mazuri kule. Hakuacha.

"Alitoka kwa hasira tu, mama. Hakujua. Angejua asingetoka. Mimi ninakula chakula cha mtu."

Mama akamuuliza: "Na angejua, akatoka vilevile? Ungekula?"

Jane akasema hajui.

"Ungekula," Mama akasema. "Kaa hapa, likolo linaiva sasa hivi."

Jumapili, 1 Juni

Limekuja kwetu.

Ti — natoka bombani, ndoo mkononi. MSIBA — FAMILIA YA MZEE LEODEGARI. Iliyolifungua ni namba ya Madam Kunegunda.

Mzee Leodegari ni Baba. Baba hawezi kufa mara mbili. Familia yake ni watu watatu: Mama, kaka yangu Cornel, mimi. Mimi nimo ndani. Wamo pia jumuiya, binamu, walimu, Jane, shangazi Kasiana wa Peramiho. Cornel hayumo. Mama hayumo — lakini Mama ana simu ya kitochi tu, hajawahi kuwamo kwenye grupu lolote maishani mwake. Kwake kutokuwamo hakusemi chochote.

Nimempigia Cornel mchana kutwa. Yuko Namtumbo, shambani, anapanga tumbaku kwa madaraja. Kule mtandao mpaka upande kilimani.

Shangazi Kasiana amepiga. Anasema ni matapeli, nisitume hela, yeye anatoka kwenye hilo grupu akimaliza kula.

Hapa niandike ukweli, maana hakuna mwingine atakayeusoma. Nilinyamaza. Nilimsikia anatafuna. Shangazi ni mzee, watoto wake wameshakuwa watu wazima, hatajua kilichompata. Niliyawaza yote hayo, kwa utaratibu kabisa, kama swali la hesabu. Halafu nikaanza kulia na kumsihi asitoke, asiguse kitu, aiache simu kama ilivyo. Akashtuka, akaahidi. Akasema nahitaji kupumzika, shule imenichosha.

Mama alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini.

Jumatatu, 2 Juni

Cornel amepatikana. Alishuka mjini Namtumbo kununua kamba za kufungia marobota, simu yake ikashika mtandao, ikalia.

"Dogo, nani tena kafa kwetu? Mbona nimeingizwa kwenye msiba wa kwetu na sijaambiwa?"

Nilicheka. Nilicheka kwa furaha, Mungu anisamehe. Cornel yumo ndani! Akawa anacheka na yeye, anasema sisi wa mjini tuna michezo ya ajabu. Kicheko kikaniishia mdomoni. Cornel yumo. Mimi nimo.

Nimemwambia aje. Anasema soko la tumbaku ni Ijumaa, atakuja Jumamosi na atamletea Mama mchele. Sikumweleza kuhusu kutoka. Cornel ni mtu wa kubonyeza kwanza, na ana watoto wawili.

Jumanne, 3 Juni

Bado nilikuwa na mlango mmoja. Huenda Mama hayumo kwa sababu ya kitochi tu. Nimetoa simu yangu ya zamani, ile ya kupangusa yenye ufa kwenye kioo, nikahamishia laini yake, nikamwekea kila kitu. Nimeandika jina lake: Mama Cornel. Nimempiga picha ya kuweka pale, amevaa kitenge cha Pasaka. Alijinyoosha kama yuko studio.

Tumeiweka juu ya stuli, katikati yetu, tukawa tunapukuchua mahindi. Kila punje iliyodondoka kwenye debe nilishtuka. Mama akaona. Akahamishia mahindi kwenye gunia, ambako hayalii.

Mpaka jua limezama, kimya. Grupu lina watu wote tunaowajua. Mama hayumo.

Wakati wa kula akauliza, akiichezea ile simu kwa kidole kimoja: "Hivi mtu akiwa humo ndani, anatokaje?"

Nikamwambia hatoki. Mpaka aliyefungua amtoe.

"Madam Kunegunda alitokaje?"

Nikasema hapo zamani ilikuwa inawezekana, wamebadilisha. Nina digrii, nikatunga uongo wa mtoto wa darasa la pili. Mama akaniongezea likolo kwenye sahani. Hakuuliza tena.

Jumatano, 4 Juni

Leo asubuhi Mama amefua. Amekunja kanga zake zote, amezipanga kitandani, mpya chini, za kazi juu. Ametaja jina la shemasi wa jumuiya na kusema nisimsahau. Hakufafanua, na mimi sikumwomba. Alipokwenda uani nilimsikia anaimba, si wimbo wa huzuni, ule wa kupalilia ambao bibi alikuwa anauimba.

Nimekaa chumbani na simu. Nimejiuliza maswali yote ninayojua kuuliza. Kama ni mapenzi ya Mungu, nani ameniweka mimi niyahamishe? Kama si ya Mungu, kwa nini niyatii? Je, ni upendo, au ni kwamba siwezi kuvumilia kuwa kama Jane, mtu aliyebaki? Nadhani ni hilo la mwisho. Mimi si jasiri. Siwezi tu kuingia jikoni mle na kumkuta Mama hayumo.

Saa nne nimebonyeza. Simu iliuliza kama nina uhakika. Yasinta ametoka. Basi. Hakuna kilichotokea. Nilisikia nyimbo za Mama, na kuku.

Halafu jikoni: ti.

Nikakimbia. Mama alikuwa ameishika simu kwa mikono yote miwili, karibu na uso, anasoma huku midomo inachezacheza. Aliponiona akauliza kwa utulivu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi: "Wameniingiza. Na wewe sikuoni. Kitufe cha kutokea ndicho hiki chekundu?"

Kidole kilikuwa juu yake.

Sijawahi kumnyang'anya Mama kitu. Nimemnyang'anya. Nilikimbia nayo mpaka chooni, nikaichomoa laini, nikaing'ata mpaka ikavunjika, na simu nimeitumbukiza shimoni. Yangu pia. Nilisikia zinagonga chini, moja baada ya nyingine. Kitochi nimekikanyaga. Laini kama ile wanaitengeneza upya mjini, lakini wanataka alama ya kidole na foleni, na mjini si karibu, na Mama miguu inamsumbua. Nahitaji tu asifike mjini kabla zamu yangu haijafika.

Sasa niko chumbani, nimefunga kwa ndani. Kifuani hakuna maumivu. Mikono yangu naiona, inaandika.

Mama amekuja mlangoni mara mbili. Mara ya kwanza alisema nimpe nauli ya kwenda mjini. Alikaa pale, nikaisikia pumzi yake kwenye ubao. Nilidhani analia. Kisha akaondoka, nikasikia anapuliza moto.

Sasa amerudi. Hakugonga. Anasema, "Yasinta, mwanangu, toka ule kwanza."