Ng'ombe Mwekundu Hakwenda kwa Akida

Baba,

Shikamoo, hata kama leo sitaisikia marahaba yako. Hukujua kusoma, nami sikuwahi kukuandikia ulipokuwa hai. Sasa ndiyo naandika! Utanicheka.

Juzi, matanga yako yalipokwisha, alikuja Mzee Msanjila kutoka Bahi akiswaga ng'ombe wawili na ndama. Akaniambia, "Mwanangu, baba yako aliniwekesha huyu mwekundu. Hawa wengine ni uzao wake. Sitaki kulala na mali ya marehemu."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi.

Unakumbuka mwaka ule wa kuchaguliwa shule ya serikali? Tuliingia bomani watoto kumi na wawili, mlango ukafungwa, kisha akida akatoka na jina moja tu. Langu. Hakuna aliyeambiwa kwa nini. Wiki ileile ng'ombe mwekundu akatoweka zizini, na nilipokuuliza ulinijibu, "Kula mlenda wako." Majirani wakamalizia wenyewe: penye udhia penyeza rupia, na asiye na rupia hupenyeza ng'ombe. Nami niliamini, Baba. Nisamehe. Miaka yote hii ya ualimu nilidhani nafasi yangu uliinunua, na kila mzazi aliyeniamkia niliona ananisuta.

Kumbe ulimficha tu kwa rafiki, kama wenzako wote, jicho la akida lisimwone akamchukua kwa kodi! Nimecheka mpaka mama akadhani nimechanganyikiwa. Nilipomweleza, akasema alijua tangu siku ile, mbona sikumuuliza yeye? Nimepumua, Baba. Nimepumua kweli.

Maana mwezi ujao ni mimi ninayemchagua mtoto mmoja wa kwenda shule ileile, na akida ameshaninong'oneza jina la mpwa wake. Mwaka jana ningeinama nikaliandika. Ningemkatalia kwa mdomo gani? Sasa mdomo ninao. Watoto watasoma kwa sauti uwanjani, wazazi wao wamekaa wanasikiliza, na atakayekosa nitamwonyesha alipokosea mbele ya baba yake. Akida atanuna. Na anune.

Pumzika, Baba. Nakuahidi, hakuna mtoto atakayetoka mikononi mwangu akijiuliza aliingiaje.

Mwanao,
Mwalimu Mazoya