Jina la Saba kwenye Orodha

Dada Lorraine,

Simu hupokei, ndiyo maana naandika. Huku Toledo theluji bado haijayeyuka. Uwakala wangu wa bima za magari ndio kwanza unatambaa. Wateja nawasaka kwa orodha niliyoinunua ya watu walioulizia bei mtandaoni.

Jana jina la saba lilikuwa la Baba, tuliyemnyang'anya funguo macho yalipofifia. Nikapiga.

"Nimenunua gari jingine," akasema.

"Baba, huoni!"

"Usiniite baba, kijana. Njia ya kuwapeleka wanangu shuleni naijua hata nikifumba macho. Hutaki kunikatia bima, acha. Mwanangu Wendell naye ni wakala. Yeye hawezi kuninyima."

Nilikuwa naomba simu ilie, Dada. Sasa ikilia nashtuka, nikidhani ni yeye anayemtafuta Wendell amkatie bima. Njoo.

Nduguyo,
Wendell